Mpiga Bandoneoni kama Msomaji wa Mashairi: Aníbal Troilo na Ushairi wa Tango, 1937–1975

1.0 Utangulizi

Historia za fasihi zina desturi ya kumweka mwanamuziki pembeni. Pale ambapo shairi limeimbwa, mhakiki hulichukua shairi hilo, hulinukuu katika kurasa zake, huipima mizani yake, taswira zake na dhamira yake, kisha huutaja muziki kwa sentensi moja au mbili kama pambo lililoongezwa baadaye. Hali hii si ngeni kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili. Ahmad Nassir aliandika mashairi mengi yaliyoimbwa na Juma Bhalo, na bado uhakiki wetu humjadili wa kwanza kama mshairi na wa pili kama mwimbaji, kana kwamba kazi zao hazikukutana kamwe.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kutumia mfano wa mbali, ambao kwa sababu ya umbali wake unaweza kutuonyesha mambo ambayo mazoea yanatuficha. Mfano wenyewe ni maisha na kazi ya Aníbal Troilo (1914–1975), mpiga bandoneoni, mtunzi wa lahani na kiongozi wa okestra ya tango katika mji wa Buenos Aires, Ajentina. Troilo hakuandika mashairi yaliyomjengea jina. Hata hivyo, mashairi ya Homero Manzi, Cátulo Castillo, Enrique Cadícamo na José María Contursi, ambayo leo yanahesabiwa katika hazina ya ushairi wa Ajentina wa karne ya 20, yalipita mikononi mwake, na baadhi yake hayawezi kueleweka kikamilifu bila yeye.

Hoja yetu kuu ni kwamba kazi ya Troilo ilikuwa kazi ya usomaji. Aliamua neno lipi lipewe nafasi na lipi lipitishwe haraka, pale mwimbaji anapostahili kuachwa peke yake, na pale ala zinapostahili kunyamaza. Uamuzi wa namna hiyo ni uhakiki, ingawa haukuandikwa kwa wino. Ili kuithibitisha hoja hii tutafuata mkondo wa maisha yake, tukikaa zaidi pale ambapo ushairi na muziki vinagusana.

2.0 Ala na Mji

Bandoneoni ni ya jamii moja na akodiani inayojulikana kwetu katika taarab. Iliundwa Ujerumani katikati ya karne ya 19, na jina lake linatokana na Heinrich Band, mfanyabiashara wa ala za muziki katika mji wa Krefeld. Tofauti na akodiani ya piano, haina safu ya vibao bali ina vibonyezo pande zote mbili. Katika aina iliyopendwa Buenos Aires kuna vibonyezo 71, yaani 38 upande wa kulia na 33 upande wa kushoto. Kwa jumla, kibonyezo kimoja hutoa sauti moja mvukuto unapofunguliwa na sauti nyingine unapofungwa, hivyo mpigaji anayeimiliki ala yake anashughulika na sauti 142. Ala zilizothaminiwa kuliko zote zilitoka katika karakana ya Alfred Arnold, huko Carlsfeld katika jimbo la Saxony, zikiwa na alama ya herufi mbili za A.

Maelezo haya ya kiufundi yana maana kwa mhakiki wa fasihi. Ala inayotegemea mvukuto ina pumzi, na pumzi hiyo ina kikomo. Wapigaji wa tango walizoea kupiga kishazi wakiufungua mvukuto kwa kuulaza gotini, kisha kuufunga upesi ili waanze kishazi kingine. Kwa hiyo muundo wa sentensi ya bandoneoni unakaribiana na muundo wa sentensi ya msemaji: una mwanzo, una mkazo, una kukatika. Si ajabu kwamba washairi wa tango waliizungumzia ala hii kama mtu, na mara nyingine wakaizungumzisha kana kwamba ingejibu.

Mji wenyewe ulikuwa mji wa wageni. Tangu miaka ya 1870 hadi Vita Kuu vya Kwanza, Ajentina ilipokea mamilioni ya wahamiaji, wengi wao Wataliano na Wahispania. Lakini kabla ya hao walikuwapo Waafrika waliopelekwa utumwani kutoka Angola, Kongo na Msumbiji, na alama zao hazikufutika katika lugha ya muziki. Neno milonga, ambalo ni jina la mtindo wa wimbo uliotangulia tango na kuilea, wataalamu wengi wanalitoa katika Kimbundu, ambako milonga ni maneno au mazungumzo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kiambishi mi- kinafanya kazi gani hapo. Asili ya neno tango lenyewe ingali inabishaniwa, ingawa katika karne ya 19 lilitumiwa kwa mikusanyiko ya ngoma ya watu weusi. Pia mmoja wa watunzi wa mwanzo kabisa wa tango iliyoandikwa, Rosendo Mendizábal, aliyetunga "El entrerriano" mwaka 1897, alikuwa mpiga piano wa asili ya Kiafrika.

Mwanzoni tango ilikuwa ngoma zaidi kuliko shairi. Mgeuko ulitokea mwaka 1917, Carlos Gardel alipoirekodi "Mi noche triste", yenye maneno ya Pascual Contursi na lahani ya Samuel Castriota. Tangu hapo tango ikawa na msimulizi, aghalabu mwanamume aliyeachwa, anayesema peke yake chumbani. Troilo alikuwa mtoto wa miaka mitatu wakati huo. Alikua pamoja na umbo hilo jipya la fasihi.

3.0 Utoto na Uanagenzi

Aníbal Carmelo Troilo alizaliwa tarehe 11 Julai 1914 katika mtaa wa Abasto, penye soko kuu la vyakula la Buenos Aires. Baba yake, muuza nyama, ndiye aliyempa jina la utani la Pichuco lililomfuata hadi kaburini. Alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Mama, Felisa Bagnolo, alimnunulia bandoneoni alipokuwa na miaka kumi. Inasimuliwa kwamba bei ilikuwa peso 140, zilipwe kwa awamu 14 za peso kumi kumi, na kwamba baada ya awamu nne muuzaji hakuonekana tena kudai salio. Ala hiyo aliitumia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mafunzo yake rasmi yalikuwa mafupi, chini ya mwalimu Juan Amendolaro. Yaliyobaki aliyapata kwa kusikiliza na kupiga.

Akiwa na miaka 11 alikuwa amekwisha kupiga mbele ya watu. Mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 16, aliingia katika kundi la watu sita lililoongozwa na mpiga fidla Elvino Vardaro na mpiga piano Osvaldo Pugliese. Kundi hilo halikuacha hata santuri moja, nalo ni mfano mzuri wa jinsi historia ya muziki, kama historia ya fasihi simulizi, inavyojengwa juu ya sauti ambazo hatuwezi kuzisikia tena. Baadaye Troilo alipiga chini ya viongozi mbalimbali, wakiwamo Juan Maglio, Julio De Caro na Juan D'Arienzo.

Majina mawili ya mwisho yanaonyesha mvutano uliomlea. De Caro, tangu mwaka 1924, alikuwa ameifanya tango kuwa muziki wa kusikilizwa. Alitunga sehemu za ala kwa uangalifu, akawapa wapiga bandoneoni Pedro Maffia na Pedro Laurenz nafasi ya kusema kila mmoja kwa sauti yake. D'Arienzo, kuanzia mwaka 1935, aliirudisha tango miguuni mwa wachezaji kwa mwendo wa kasi na mapigo makali. Wahakiki wengi wanakubaliana kwamba upigaji wa Troilo ulichota utulivu wa Maffia, nguvu za Laurenz na kishazi cha mazungumzo cha Ciriaco Ortiz. Lakini kuchota si kuiga. Katika uanagenzi wake Troilo alijifunza kwamba wimbo unapaswa kuwatosheleza watu wawili, mmoja anayecheza na mwingine anayesikiliza maneno, na mara nyingi watu hao wawili ni mtu mmoja.

4.0 Okestra ya 1937 na Sanaa ya Kufuta

Tarehe 1 Julai 1937, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 23, Troilo alianza kuiongoza okestra yake mwenyewe katika kabareti ya Marabú. Alikuwa na Orlando Goñi kwenye piano na Francisco Fiorentino kama mwimbaji. Mwaka 1938 walirekodi santuri moja tu, yenye "Comme il faut" upande mmoja na "Tinta verde" upande wa pili, kisha hawakurekodi tena hadi Machi 1941. Miaka hiyo mitatu ya ukimya wa santuri haikuwa miaka ya ukimya wa kazi. Okestra ilipopata nafasi tena, ilikuwa tayari imekomaa.

Nafasi ya Fiorentino ndiyo hatua ya kwanza muhimu kwa hoja yetu. Katika okestra nyingi za kabla yake, mwimbaji aliingia katikati, akaimba kiitikio tu, kisha akakaa. Maneno yalikuwa alama ya pambo katika ngoma. Pamoja na Troilo, Fiorentino aliimba sehemu kubwa ya shairi, na okestra ikajipanga kumzunguka bila kuyapoteza mapigo ya mchezo. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini lina athari kwa ushairi. Mshairi anayejua kwamba kitakachosikika ni kiitikio peke yake huandika tofauti na mshairi anayejua kwamba simulizi lake lote litasikika. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mpangilio wa okestra uliunda mazingira ya kuwezesha aina fulani ya shairi kuandikwa. "Toda mi vida" (1941) ya Troilo na José María Contursi, mwana wa yule Pascual aliyetajwa, ni tunda la awali la mazingira hayo.

Hatua ya pili inahusu kijana aliyeingia katika okestra mwishoni mwa mwaka 1939: Astor Piazzolla, aliyekuwa na umri wa miaka 18. Piazzolla alikuwa amelelewa New York, na tangu 1941 alisomea utunzi kwa Alberto Ginastera. Alipoanza kumpangia Troilo muziki, aliujaza mawazo mapya. Piazzolla mwenyewe alisimulia katika miaka ya baadaye jinsi Troilo alivyokuwa akichukua kifutio na kuondoa sehemu kubwa ya noti alizoziandika. Mpangaji mkubwa wa okestra hiyo, Argentino Galván, naye hakusalimika na kifutio hicho.

Kisa hiki kimefasiriwa kwa njia mbili. Wale wanaoitazama historia ya tango kama safari ya kuelekea kwa Piazzolla wanakiona kama kisa cha kijana mwenye kipaji aliyezuiwa na bwana mkubwa mwoga. Ufafanuzi huo una ukweli ndani yake: Piazzolla aliondoka mwaka 1944, na muziki alioutaka usingeweza kupigwa katika kumbi za kuchezea. Lakini ufafanuzi huo unadhani kwamba noti iliyofutwa ni hasara tu. Hausemi ni nini kilichopatikana. Ukisikiliza rekodi za miaka hiyo, utaona kwamba pale panapoonekana kuwa na upungufu wa ala ndipo neno la mshairi linaposikika. Katika "Malena" ya Homero Manzi na Lucio Demare, iliyorekodiwa mwaka 1942, okestra inajua kurudi nyuma. Kifutio kilikuwa chombo cha usomaji: kilichofutwa ni kile kilicholifunika shairi.

Isitoshe, anayefuta kwa woga hufuta daima. Troilo hakufanya hivyo. Mwaka 1950 aliirekodi "Para lucirse" ya Piazzolla, na katika muongo huo akazirekodi kazi nyingine kadhaa za mwanafunzi wake huyo wa zamani, ikiwamo "Lo que vendrá". Hizo zilikuwa tango za ala tupu. Pasipo maneno ya kulindwa, alikubali usheheneaji alioukataa hapo awali. Vilevile, "Quejas de bandoneón" ya Juan de Dios Filiberto aliirekodi mwaka 1944 na tena mwaka 1958, na ukilinganisha matoleo hayo mawili utamwona msomaji anayerudia matini ileile baada ya miaka 14, akikuta mambo ambayo hakuyaona mwanzoni.

5.0 Troilo na Manzi

Homero Manzi alizaliwa mwaka 1907 huko Añatuya, mji mdogo wa jimbo la Santiago del Estero, akaletwa Buenos Aires akiwa mtoto na kusoma katika shule ya bweni kwenye mtaa wa Pompeya, ukingoni mwa mji. Alisomea sheria na kufundisha fasihi, lakini baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1930 alipoteza kazi yake ya ualimu kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORJA, kundi la wanasiasa na wasomi waliopinga utegemezi wa nchi yao kwa mataifa ya nje. Inasimuliwa kwamba alieleza uamuzi wake wa kuandika nyimbo kwa kusema kuwa alichagua kuwaandikia watu maneno badala ya kuwa mtu wa fasihi. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa sawa na ulivyokuwa wa kisanii.

Lugha yake pia inastahili kuangaliwa. Tango nyingi za kabla yake zilitumia lunfardo, yaani misimu ya mitaa ya Buenos Aires, ambayo nafasi yake katika mji huo haiko mbali na nafasi ya Sheng jijini Nairobi. Baada ya mapinduzi ya Juni 1943, serikali mpya ilikaza sheria za redio kwa jina la kuisafisha lugha, na nyimbo kadhaa zikalazimika kubadilishwa maneno au hata majina. Manzi hakuguswa sana, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuchagua Kihispania cha kawaida kilichobeba taswira za mtaani: reli, matope, mwezi juu ya maji yaliyotuama, taa ya barabarani. Alithibitisha kwamba shairi laweza kuwa la mtaa bila kuvaa misimu ya mtaa.

Ushirikiano wake na Troilo ulianza kuonekana wazi katika "Barrio de tango" (1942), ukapitia "Romance de barrio" (1947), na ukafikia kilele katika "Sur" ("Kusini"), iliyorekodiwa mwanzoni mwa mwaka 1948. Katika shairi hili msemaji anamkumbuka msichana na mtaa kwa wakati mmoja. Anataja makutano ya barabara za San Juan na Boedo, anataja Pompeya na mafuriko yaliyokuwa ng'ambo yake, kisha anakiri kwamba vyote vimebadilika. Mhakiki anayelisoma kwenye karatasi atasema, kwa haki, kwamba ni shairi la majuto. Lakini je, msemaji analilia nini hasa: mpenzi aliyepotea au mtaa uliopotea? Maandishi yanaiacha sintofahamu hiyo. Muziki unaipa umbo. Kiitikio kinaanza kwa neno "Sur" peke yake, silabi moja iliyovutwa na kutengwa na yanayofuata, na kwa muda huo mfupi mahali ndipo panapoitwa kwa jina kama vile mtu anavyomwita mpenzi wake. Troilo amelisoma shairi na kuamua kwamba vilio hivyo viwili ni kimoja.

Uamuzi wake wa pili ulikuwa kuhusu sauti. Aliyeimba "Sur" alikuwa Edmundo Rivero, aliyejiunga na okestra mwaka 1947 baada ya kukataliwa kwingineko kwa sababu sauti yake ilidhaniwa kuwa nzito mno kwa tango. Waimbaji waliomtangulia, Fiorentino na Alberto Marino, walikuwa na sauti za juu, na shairi la majuto katika sauti ya juu huwa ombi. Katika sauti nzito ya Rivero likawa ushahidi: mtu mzima anaeleza lililotokea, hamwombi yeyote alirudishe. Uteuzi wa mwimbaji ni ufasiri wa nafsi-neni, na hapa Troilo aliielewa nafsi-neni ya Manzi kuliko wahakiki wengi walioiandikia kurasa.

Mwaka 1951 Manzi alikuwa akifa kwa saratani. Kutoka katika kitanda cha ugonjwa aliandika "Discepolín", shairi la kumfariji rafiki yake Enrique Santos Discépolo, mshairi mwenzake aliyekuwa akitengwa na wenzake kwa sababu ya kuiunga mkono serikali ya Perón. Inasimuliwa kwamba maneno alimsomea Troilo kwa simu. Manzi alifariki tarehe 3 Mei 1951. Discépolo naye alimfuata Desemba mwaka huohuo. Wimbo huo una hali ya pekee: anayefariji anatangulia kufa kuliko anayefarijiwa, na anayebaki kuwatamkia wote wawili ni mtunzi wa lahani.

Kisha Troilo akatunga "Responso", yaani dua ya kumwombea marehemu. Ni tango isiyo na maneno. Kwa mwanamuziki aliyekuwa na washairi wengi mashuhuri wa kumwandikia, ukosefu wa maneno hauwezi kuwa jambo la bahati tu. Maombolezo ya Kiswahili humtaja marehemu, humsifu, humuusia aliyebaki. Troilo alifanya kinyume: alimwombolezea mshairi kwa kuliacha tupu eneo ambalo mshairi alizoea kulijaza. Bandoneoni inaongoza pale ambapo mwimbaji angeongoza, na msikilizaji anayejua historia hii anasikia nafasi ya Manzi ikiwa wazi. Twaweza kudai kwamba hii ndiyo tathmini nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya Manzi.

6.0 Cátulo Castillo na Jioni ya Tango

Baada ya Manzi, mshairi aliyekuwa karibu zaidi na Troilo ni Cátulo Castillo, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa lahani na aliwahi kuwa bondia. Walikuwa wamekwisha kushirikiana katika "María" (1945). Mwaka 1953 walishirikiana tena katika mchezo wa jukwaani "El patio de la morocha". Humo Troilo alipiga pamoja na mpiga gitaa Roberto Grela, na kutokana na ushirikiano huo likazaliwa kundi dogo la watu wanne. Kutoka okestra kubwa hadi watu wanne ni kifutio kilekile kikifanya kazi kwa kiwango kingine.

Kazi yao kuu ni "La última curda" (1956), iliyorekodiwa kwa sauti ya Rivero aliyerudi kama mgeni. Msemaji ni mlevi anayezungumza na bandoneoni usiku. Hapa msimulizi wa "Mi noche triste" ya mwaka 1917 amefika mwisho wa njia. Hana mwanamke anayemlaumu, hana mtaa anaoukumbuka. Amebaki na ala peke yake. Na kwa kuwa anayeipiga ala hiyo ndiye aliyetunga lahani, msikilizaji anasikia mazungumzo ya kweli: shairi linaihoji bandoneoni na bandoneoni inajibu. Maandishi pekee yanatupa upande mmoja wa mazungumzo hayo.

Mwaka wa wimbo huo una uzito wa kihistoria. Perón alikuwa amepinduliwa Septemba 1955, kumbi kubwa za kuchezea zilianza kupungua, na vijana walikuwa wakielekea kwenye muziki wa roki kutoka nje. Okestra nyingi zilivunjika. Troilo aliendelea, akamwingiza Roberto Goyeneche mwaka 1956. Kadiri miaka ilivyopita, Goyeneche alizidi kuimba kama mtu anayesema, akivikata vishazi mahali ambapo maana inavikata. Uimbaji wa namna hiyo ulikuwa mafanikio ya mwisho ya shule ya Troilo: mwimbaji mwenyewe amekuwa msomaji. Mwaka 1970 Troilo na Piazzolla walikutana tena kurekodi "Volver" na "El motivo", bandoneoni mbili bila mtu wa tatu. Troilo alifariki tarehe 18 Mei 1975.

7.0 Hekaya na Mhakiki

Kila mwandishi wa wasifu wa Troilo anakutana na hekaya ya Pichuco: mtu mnene, mkarimu, mpenda vinywaji na usiku, anayepiga macho yakiwa yamefumbwa kana kwamba amelala. Mshairi Julián Centeya alimwita Bandoneoni Kuu ya Buenos Aires. Mwaka 2005 sheria ilitungwa Ajentina kuifanya tarehe 11 Julai, siku yake ya kuzaliwa, kuwa siku ya kitaifa ya bandoneoni. Heshima hizi ni za haki, lakini zina hatari yake. Hekaya inamsifu kwa hisia na kumnyima fikra. Mtu aliyefumba macho huonekana kama anayeota, na ni vigumu kumkumbuka mtu huyohuyo akiwa ameshika kifutio, macho wazi, akibishana na mpangaji juu ya paa nne za muziki.

Hata Piazzolla hakuiepuka hatari hiyo. Mwaka 1975 alimtungia marehemu "Suite Troileana", yenye sehemu nne: ala yake, mkewe Zita, wiski na kamari. Ni kazi yenye upendo, nayo ni wasifu kwa njia ya muziki. Lakini tukiihoji kama tunavyouhoji wasifu wowote, tunaona kwamba katika mapenzi hayo manne ushairi haumo. Mwanafunzi aliyefutiwa noti zake kwa ajili ya maneno alimkumbuka mwalimu wake pasipo maneno. Pengo hilo ndilo ambalo uhakiki wa fasihi unaweza kulijaza.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kazi ya Troilo ilikuwa na nyenzo nne za usomaji: nafasi aliyompa mwimbaji, kifutio alichokitumia kwa wapangaji, uteuzi wa sauti kwa ajili ya nafsi-neni, na ukimya wa maneno katika "Responso". Kila nyenzo inatoa hukumu juu ya shairi, na kila hukumu inaweza kukubaliwa au kupingwa kwa ushahidi, kama ilivyo katika uhakiki wowote.

Kutokana na hayo, mpaka kati ya mtunzi wa maneno na mpiga ala si mpaka wa asili. Umewekwa na taaluma zetu kwa urahisi wa kugawana kazi. Mtafiti wa uzamili anayeandaa tasnifu juu ya mashairi yaliyoimbwa, yawe ya Buenos Aires au ya Mombasa, hana budi kujiuliza ni nani aliyeamua beti ipi iachwe, neno lipi livutwe na sauti ipi ilibebe. Majibu mara nyingi yamo katika santuri na kanda ambazo maktaba zetu hazizikusanyi, na katika kumbukumbu za wapigaji wanaozeeka. Maandishi yatatungoja. Wapigaji hawatatungoja.